Klika si rimoti: mbwa mdogo anavyofunzwa kwa mlio mmoja

Video za namna hii zimejaa kwenye simu zetu. Kijibwa cha manyoya, labda Maltese au mchanganyiko wake, kimesimama sebuleni. Mtu ameficha kidude kidogo cha plastiki kiganjani. Kijibwa kinakaa kitako, kidude kinalia "tk", kijibwa kinapewa kitu mdomoni. Kinazunguka, "tk", kinapewa tena. Vurugu yenyewe iko chini ya video, kwenye maoni. Mmoja anauliza rimoti hiyo inauzwa wapi. Mwingine anaonya kwamba hicho ni kifaa cha umeme na anayekitumia hana huruma. Wa tatu anabisha: mbwa mdogo hafundishiki, hapo wamekata na kuunga vipande. Na hakosekani aliyekwisha kununua, akambonyezea mbwa wake aliyejificha chini ya kochi mpaka kidole kikamuuma, na mbwa hakutoka.

Huyo wa mwisho hakudanganywa na muuzaji. Kifaa chake ni kizima, ila kazi aliyokipa si yake.

Kidude hicho kinaitwa klika. Ndani yake mna kibati chembamba kilichopinda kidogo. Ukikibonyeza kinabonyea, ukikiachia kinarudi, na hapo unapata mlio mkavu, mfupi, ambao haubadiliki leo wala kesho. Hakina betri wala umeme, na hakitumi mawimbi yoyote. Kwa mbwa ambaye hajawahi kufunzwa nacho, mlio huo hauna maana yoyote.

Kinachochanganya watu ni kwamba madukani klika hupangwa pamoja na vifaa vingine viwili visivyofanana nayo hata kidogo. Kimoja ni kola ya umeme, ambayo humpiga mbwa shoti shingoni anapokosea. Kola hizo Wales walizipiga marufuku mwaka 2010. Kingine ni kile kifaa cha betri kinachotoa sauti kali ya juu ambayo binadamu hatuisikii, kinachouzwa kwa ahadi ya kunyamazisha mbwa wa jirani. Vyote viwili vinafanya kazi kwa kumkera mnyama. Klika haimkeri na haimlazimishi. Inampa taarifa tu.

Taarifa gani? Chukua mfano wa muuza duka na mlio wa ujumbe wa M-Pesa. Mteja anatuma, simu inalia juu ya kaunta, na muuza duka anaanza kufunga sukari kabla hata hajausoma ujumbe vizuri. Mlio si pesa, lakini umeshikamana na pesa kwa muda mrefu kiasi kwamba moyo unatulia ukiusikia. Zaidi ya hapo, unamwambia ni mauzo yapi yamelipwa: haya ya sasa hivi, si ya asubuhi. Klika ni mlio huo huo kwa mbwa. Unamwambia: hicho ulichokifanya sekunde hii kimelipwa, malipo yanakuja.

Ukiushika mfano huo, kanuni karibu zote za klika utazipata mwenyewe bila kukariri. Mlio huja baada ya kazi na si kabla, kwa hiyo klika haiwezi kumwita mbwa wala kumwamuru akae. Kila mlio una malipo yake, hata kama umebonyeza kwa bahati mbaya, kwa sababu muuza duka aliyeletewa meseji feki mara mbili hatauamini tena mlio wa simu. Na mlio mmoja hulipa kazi moja. Kubonyeza "tk-tk-tk-tk" kwa sababu umefurahi sana hakumwongezei mbwa chochote, kunamvuruga.

Sasa mtu atauliza, kwa nini nisimpe tu nyama moja kwa moja? Ungeweza, na mbwa angejifunza. Tatizo ni muda, na hapa ndipo mbwa mdogo anapoihitaji klika kuliko mbwa mkubwa. German Shepherd akikaa kitako, mdomo wake uko karibu na mkono wako, unanyoosha tu. Mbwa wa kilo 3 mdomo wake uko kwenye kifundo cha mguu wako. Akikaa, wewe bado unaingiza vidole mfukoni, unachomoa kipande, unainama, na mkono unasafiri kutoka kiunoni hadi sakafuni. Njiani humo yeye ameshainuka, amesimama kwa miguu ya nyuma na anakukwaruza magoti. Ukimpa hapo, umelipia kukwaruza. Halafu unalalamika kwamba vijibwa hivi vina tabia mbaya ya kurukia wageni. Mlio unaitia alama ile nukta makalio yalipogusa sakafu. Mkono ukichelewa sekunde moja au mbili si neno, mbwa ameshajua analipwa kwa lipi.

Jambo hili si geni kama linavyoonekana. Mwanzoni mwa karne iliyopita Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa usagaji wa chakula, alionyesha kuwa mbwa hutokwa mate kwa ishara isiyohusiana na chakula, mradi ishara hiyo imetangulia chakula mara za kutosha. Huo ndio msingi wa mlio kuwa na thamani. Mwanasaikolojia Mmarekani B. F. Skinner akaja na upande wa pili: mnyama hurudia tendo linalomletea faida. Mwaka 1951 aliandika makala kwa wasomaji wa kawaida akiwaeleza namna ya kumfunza mnyama nyumbani, na akapendekeza kidude cha kuchezea cha bati kinacholia kwa kubonyezwa. Wanafunzi wake wawili, mume na mke Keller na Marian Breland, walikuwa wameshaanza miaka ya 1940 kuigeuza elimu hiyo kuwa biashara, wakifunza kuku, bata, nguruwe na mbwa kwa ajili ya maonyesho na matangazo. Karen Pryor alianza kufunza pomboo Hawaii mwaka 1963 kwa filimbi, maana huwezi kumfunga pomboo kamba ukamvuta. Yeye ndiye aliyechangia sana, kuanzia miaka ya 1990, kuieneza klika kwa watu wa kawaida wenye mbwa.

Lakini mfano unaonigusa zaidi hauko Hawaii. Uko Morogoro.

Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO lenye asili ya Ubelgiji limekuwa likifunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na, baadaye, vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Panya hao wana uzito wa kilo moja na ushee, na wepesi huo ndio sifa yao kazini, kwani hupita juu ya bomu bila kulilipua. Somo lao la kwanza, kabla ya harufu yoyote ya baruti, ni klika. Panya mchanga husikia "tk", hupewa chakula kitamu, ndizi kwa mfano. "Tk", ndizi. Anaposhaelewa kwamba mlio unaleta chakula, ndipo anapoonyeshwa harufu ya TNT, baruti ya ndani ya mabomu. Akiinusa ipasavyo, "tk". Kidogo kidogo anadaiwa zaidi: atofautishe harufu hiyo na nyingine, akwaruze udongo mahali ilipo, afanye hivyo uwanjani penye upepo na nyasi. Panya aitwaye Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka 2013 na kupelekwa Kambodia mwaka 2016, alipewa medali ya dhahabu na PDSA, shirika la hisani la Uingereza la kutibu wanyama, mwaka 2020, panya wa kwanza kuipata. Alikufa Januari 2022 akiwa mstaafu.

Kwa hiyo mtu akikuambia mbwa mdogo hafundishiki kwa sababu kichwa chake ni kidogo, mwelekeze Morogoro.

Ila tusiwapuuze wanaolalamika, kwa sababu wanachokiona kipo kweli. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha tiba ya wanyama cha Vienna, Austria, walichapisha majibu ya wamiliki wa mbwa 1,276. Mbwa wadogo, yaani walio chini ya kilo 20, walionekana kutotii na kuwa wakali au wenye papara kuliko wakubwa. Lakini wamiliki wao pia walikuwa na kasoro zao: hawakuwa na msimamo, leo wanakataza na kesho wanaruhusu, na walicheza na kufunza mbwa wao mara chache zaidi. Zaidi ya hayo, kadiri mbwa mdogo alivyoadhibiwa mara nyingi ndivyo alivyoelekea kuwa mwoga.

Mimi sioni ajabu yoyote hapo. Boerboel, lile jibwa kubwa la ulinzi, akikuvuta barabarani unatafuta mkufunzi wiki hiyo hiyo. Kijibwa cha kilo 2 kikivuta, unakibeba kwapani na safari inaendelea. Kikimbwekea mgeni, watu wanacheka na kusema "ona hasira zake". Kikikojoa kwenye zulia, inafutwa. Miaka mitatu ya namna hiyo inapita, mbwa hajafundishwa chochote, kisha anaitwa mkaidi.

Basi ukitaka kuanza, zipo tofauti za kimwili ambazo maelekezo mengi ya klika, yaliyoandikwa kwa kuwaza mbwa wakubwa, huzipita juu juu. Ya kwanza ni chakula. Mbwa mzima wa kilo 3 anayeishi ndani anahitaji takriban kalori 200 hadi 250 kwa siku nzima. Madaktari wa mifugo hushauri vitafunwa visizidi sehemu moja ya kumi ya hapo, yaani kama kalori 20. Kwa nyama ya kidari cha kuku iliyochemshwa bila ngozi, hizo ni gramu 12 hivi, kipande kinachokaa kwenye kijiko. Kwa jibini ni gramu 5 tu, ambazo ukizitazama unaona huruma. Vile vitafunwa vya pakiti vyenye umbo la mfupa, kimoja kinaweza kula nusu ya bajeti ya siku.

Dawa yake ni kukatakata mpaka wewe mwenyewe uone aibu. Kipande kiwe nusu ya punje ya njegere. Mbwa hahesabu gramu, anahesabu mara alizolipwa. Kidari hicho cha gramu 12 kinatoa vipande sitini bila shida. Ini lililochemshwa na kukaushwa kidogo kwenye oveni linanukia vizuri na halichafui mfuko. Dagaa wakavu wasio na chumvi, ukiwavunja vichwa na mikia, ni rahisi na mbwa wengi wanawapenda kupita kiasi. Au chukua sehemu ya chakula chake cha jioni umlipe nayo. Viache kabisa zabibu, chokoleti, vitunguu na kitu chochote chenye xylitol, kitia utamu kinachotumika badala ya sukari, kama baadhi ya bazoka zisizo na sukari. Kiasi ambacho mbwa mkubwa angekistahimili kinaweza kummaliza wa kilo 2.

Na kuna ushauri wa mitaani wa kumshindisha mbwa njaa ili afanye mazoezi kwa bidii. Kwa mbwa mdogo, hasa mtoto wa miezi miwili au mitatu wa aina kama Chihuahua na Yorkshire Terrier, ushauri huo ni hatari. Mwili wake hauna akiba. Akikosa mlo sukari ya damu inaweza kushuka ghafla. Anaanza kulegea, kutetemeka, kuyumba, na asipowahiwa anazimia. Mfunze akiwa na hamu ya kula, si akiwa na njaa.

Ya pili ni urefu wako. Kwa mbwa wa sentimita 20, mtu mzima anayeinama juu yake ni dari linaloporomoka. Wengi hurudi nyuma, wakalamba midomo, wakageuza uso, na mwenyewe anasema mbwa hataki kusoma. Kaa sakafuni. Kama magoti hayaruhusu, mweke juu ya kochi pana au kitanda kisichoteleza ili mkutane katikati. Ukiwa umesimama, tumia kijiko cha mbao chenye siagi kidogo ya karanga isiyo na xylitol, mkono wako urefuke bila mgongo kukunjika.

Ya tatu ni shingo. Vijibwa vingi vina koo dhaifu. Kuvutwavutwa kwa kola kunaweza kuliumiza bomba la pumzi, na wenye Pomeranian na Yorkshire wanakijua kile kikohozi kikavu kama mlio wa bata. Wafunge kwa mkanda wa kifuani. Hii nayo ni sababu ya kupenda klika, kwani hakuna hatua inayokutaka umsukume makalio wala umnyanyue shingo ili akae.

Mwisho ni masikio. Baadhi yao wanashtuka na "tk" ya kwanza. Usimbonyezee usoni. Ifunge klika ndani ya soksi, au ibonyeze ikiwa mfukoni. Bado anaogopa? Tumia kalamu ya wino ya kubonyeza kwa dole gumba. Kalamu inafanya kazi ile ile kwa bei ya kalamu, jambo ambalo wauza vifaa hawana haja ya kukuambia. Kwa mbwa kiziwi watu hutumia ishara ya dole gumba juu.

Somo lenyewe la kwanza ni fupi mno. Vipande kumi na tano viko kwenye kibakuli, juu ya meza, si mkononi. Bonyeza, mpe. Subiri kidogo. Bonyeza, mpe. Humwombi afanye kitu chochote. Siku hiyo hiyo au kesho yake utaona jambo: anatazama pembeni, wewe unabonyeza, kichwa chake kinageuka kwa ghafla na macho yanatafuta mkono wako. Ameshaelewa maana ya mlio. Kuanzia hapo acha kumpa bure.

Sasa mngoje. Hili ndilo gumu kwetu, kwa sababu tumezoea kuamuru. Mbwa anakutazama, ananusa goti lako, anabweka mara moja, anazunguka, anachoka kutazama juu na anakaa. Pale pale makalio yanapogusa sakafu, "tk". Mrushie kipande pembeni ili ainuke akakifuate. Akirudi atakutazama tena, na safari hii atakaa mapema zaidi. Baada ya mara chache anakaa huku anakukodolea macho, kana kwamba yeye ndiye anayekubonyeza wewe. Neno "kaa" bado hujalitaja. Utalitaja pale utakapokuwa na uhakika kwamba sasa hivi anakaa: useme mara moja, kabla tu hajashuka. Watu wengi huanzia mwisho, wanasema "kaa, kaa, kaa, we kaa bwana" kwa mbwa asiyejua chochote, na neno linageuka kuwa kelele za nyumba kama redio.

Dakika mbili au tatu zinatosha. Kisha weka vitu kando.

Tuje kwenye kero yenyewe inayowagombanisha watu na majirani wa fleti, kubweka kengele ya mlango inapolia. Hapa klika inaonekana haina pa kuanzia, kwani huwezi kulipia kubweka, na mbwa ambaye ameshalipuka hasikii lolote. Kwa hiyo huanzii mlangoni. Unaanza siku tulivu, na kimkeka kidogo au taulo lililokunjwa. Mguu mmoja ukigusa mkeka, "tk", kipande kinarushwa nje ya mkeka ili arudi mwenyewe. Baadaye miguu minne. Baadaye alale. Baadaye alale sekunde tatu, tano, kumi kabla ya mlio. Anapokimbilia mkeka huo kwa hiari yake mara unapoutandika, rekodi kengele yenu kwenye simu. Icheze kwa sauti ya chini kabisa, kiasi cha sikio lake kucheza tu. Sikio likicheza na macho yakirudi kwako au miguu ikielekea mkekani, "tk", na malipo ya siku hiyo yawe bora kuliko ya kawaida: ini, si punje za chakula kikavu. Panda sauti pole pole. Akibweka, hujapoteza kitu, ila umepanda haraka, shusha. Mwisho mwombe jirani abonyeze kengele halisi mchana mtakaokubaliana, kabla hujajaribu na kijana wa bodaboda aliyeleta chakula na ana haraka zake.

Hii inachukua wiki, na anayekuahidi siku moja anakuuzia kitu. Isitoshe, mbwa aliyekuwa kimya na ghafla ameanza kubweka au kung'ata akiguswa, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo. Jino bovu halitibiwi kwa klika.

Njia hiyo hiyo inafaa mambo ambayo mbwa mdogo hufanyiwa bila kuulizwa. Kunyakuliwa, kwa mfano. Kila mtu anamnyakua: mwenye nyumba, watoto, wageni. Mwishowe anang'ata mikono inayokuja kutoka juu. Sema "juu", mguse mbavu, "tk", mpe, bila kumwinua. Rudia hadi "juu" iwe habari njema, ndipo umwinue sentimita chache. Kucha vilevile, maana za mbwa anayebebwa na kutembea kwenye vigae hazisagiki zenyewe. Siku ya kwanza umlipe kwa kuiona tu mashine ya kukatia. Na ukishamzoesha kushikwa paja kwa utulivu, chanjo ya kichaa cha mbwa ya kila mwaka inakuwa jambo la dakika moja badala ya mieleka ya watu watatu.

Kuna hoja mbili ambazo hunirudia kila nikilizungumzia hili. Ya kwanza: hiyo si hongo? Hongo huonyeshwa kabla ya kazi. Ukipunga nyama ndipo mbwa aje, umemfunza kukagua mkono wako kwanza, na siku huna nyama hana sababu ya kuja. Malipo ya klika yako mezani, hayaonekani, na yanafuata tendo. Ya pili: nitatembea na klika na kibakuli cha ini maisha yangu yote? Hapana. Klika ni ya kufundishia jambo jipya. Mbwa akishalijua na kulitenda kwa neno sebuleni, kibarazani na barabarani, klika ya jambo hilo inawekwa kabatini. Malipo yenyewe ndiyo yasikatwe kabisa. Yapungue, yasitabirike, leo kipande, kesho kufunguliwa mlango akatembee, keshokutwa kukunwa kifua. Hakuna anayefanya kazi milele kwa ahsante, hata sisi.

Na je, klika ni bora kuliko neno kama "vizuri" lililosemwa kwa wakati? Wapenzi wa klika hawapendi swali hili. Watafiti wa Trieste, Italia, waliwagawa mbwa 51 mwaka 2016: wengine walifunzwa kwa klika, wengine kwa neno la pongezi, wengine kwa chakula peke yake. Hawakuona tofauti ya kueleweka katika kujifunza. Utafiti wa mwaka 2008 wa mbwa wa aina ya Basenji, ambao asili yao ni Kongo, nao haukuona klika ikiharakisha somo. Ulichoona ni kwamba mbwa wa klika walichelewa zaidi kuliacha tendo chakula kiliposimamishwa. Kwa hiyo hakuna muujiza ndani ya kibati. Mimi naona faida kubwa iko upande wa binadamu. Anayeshika klika analazimika kumtazama mbwa kwa makini, anyamaze, angoje atende jema badala ya kuvizia akosee. Neno la kinywa linabadilika kwa hasira na uchovu wa foleni. Kibati hakijui kama umechelewa kazini. Ukiweza kusema "ee" fupi, la namna moja, kwa wakati wake, huhitaji kununua kitu.

Swali ninaloona linasahaulika ni nani nyumbani aishike. Mara nyingi aliyenunua mbwa anaondoka saa kumi na mbili asubuhi na kurudi usiku. Anayeshinda na mbwa ni dada wa kazi, au bibi aliyekuja kukaa na wajukuu. Huyo ndiye afundishwe kwanza, na vipande vikatwe na kuachwa kwenye friji anapopajua. Halafu mkubaliane maneno. Nyumba ambayo baba anasema "kaa", watoto wanasema "sit" na dada anasema "keti" ina mbwa mmoja na lugha tatu, na mbwa anachagua kutosikia yoyote. Andikeni maneno matano kwenye karatasi, muibandike mlangoni mwa friji.

Watoto wa shule ya msingi wanakuwa wakufunzi hodari kushinda wazazi, kwani jicho lao na kidole vina kasi. Wapeni zamu wakiwa wameketi chini, mtu mzima akiwepo. Ila zamu ikiisha, klika irudi juu ya kabati. Mtoto akiachiwa ataibonyeza kutwa nzima akicheza, mbwa atakimbilia mlio mara tano, mara sita, bila kukuta kitu, na jioni utakapokaa sakafuni na vipande vyako vya ini itabidi uanze upya na "tk", mpe, "tk", mpe.